Moto Haukuwaka

Kama umelala na vyuma vimechomoza nje ya mguu wako, na kila anayekuja kukutazama anakwambia ushukuru Mungu umepona, haya ni yako. Mie si daktari. Mie fundi wa majokofu na vyumba vya baridi, mtu wa Jang'ombe, Unguja, jina langu Ame. Zaidi ya miaka miwili nimeishi baina ya vitanda, mabenchi ya hospitali na magongo, na muda wote huo nilikuwa namtafuta mtu mmoja aliyepita njia hii aniambie mbele kuna nini. Sikumpata. Basi wewe unipate mie.

Nitaanza na lile nililolificha, usije ukanihurumia bure.

Ilikuwa masika. Nilikuwa nakwenda bara, nyanda za juu kusini, kufunga chumba cha baridi cha maziwa. Dar es Salaam tulipanda ndege ndogo, abiria hatukufika ishirini. Aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, Rahma, mwalimu, kwao Mwanakwerekwe. Tulitambuana kwa lafudhi tulipokuwa tunasubiri kupanda, tukazungumza kama watu wa nyumba moja.

Tulipokaribia kufika, nje ya dirisha pakawa peupe, kama tumetiwa ndani ya gunia la pamba. Ndege ikaanza kurushwa. Rahma akawa anasoma dua kwa sauti ndogo. Halafu ndani ya ule weupe nikaona mti. Mti mmoja, karibu kiasi cha kuyaona majani yake. Nikawahi kujiuliza mti unafanya nini huku juu.

Mlima wenyewe sitautaja. Watu wake ndio waliotubeba mabegani, sitaki mlima wao ujulikane kwa msiba wetu.

Nilipozindukana, mvua ilikuwa inaninyeshea usoni, nami nikashangaa mvua imeingiaje ndani ya ndege. Sehemu ya mbele haikuwepo. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii, na mfupa ulikuwa nje. Maumivu yalikuwa hayajaja bado. Kilichokuja kwanza ni harufu ya mafuta.

Rahma alikuwa hai. Kiti cha mbele kilikuwa kimemkandamiza kuanzia kiunoni. Akanishika mkono. "Kaka Ame," akasema, "nimebanwa."

Nilimvuta mara moja. Mara moja tu. Ile harufu ikanijaa puani, na kichwani mwangu mkawa na neno moja: moto. Nilikuwa na yakini kuwa tutaungua. Nikaufungua mkanda wangu, nikautoa mkono wangu katika mkono wake, nikatambaa kwa tumbo mpaka penye upenyo, nikaserereka na tope mteremkoni hadi nikazuiliwa na jiwe. Labda hatua ishirini kutoka pale alipokuwa.

"Kaka Ame! Usiniache!"

"Nnakuja!" nikamjibu.

Sikwenda. Alikuwa akiniita, na kila alipoita nilimjibu vile vile, nnakuja, nnakuja, nami nimelishika jiwe kwa mikono miwili nikingoja mripuko. Mvua ilikata, ikarudi, bado ananiita. Baadaye akawa haniiti mimi tena, anamwita mama yake. Baadaye akanyamaza.

Moto haukuwaka. Mpaka leo haujawaka.

Wanakijiji walifika mchana, wameifuata sauti waliyoisikia asubuhi. Bwana mmoja aitwaye Ambokile alinibandua kutoka kwenye lile jiwe kama mtu anavyobandua chaza. Vidole vilikuwa havitaki kufunguka. Tulinusurika watatu. Tuliteremshwa kwa machela ya mianzi na mablanketi, na njiani mwanamke mmoja nisiyemjua alitembea pembeni yangu akiukinga uso wangu na mvua kwa kanga yake, safari nzima, mpaka barabarani. Sikuwahi kumwona usoni.

Siku ya tatu, katika hospitali ya huko, alikuja ami yake Rahma kuchukua maiti. Alinikuta nimefungwa mguu, nina homa. Akapiga magoti kando ya kitanda. "N'ambie, mwanangu," akasema, "kijana wetu aliteseka?"

"Hapana," nikasema. "Alikufa pale pale."

Mzee yule alilia akinibusu mkono. Uongo wangu ukavuka bahari kabla yangu. Nilipofika Unguja ulikuwa umeshakaa nyumbani kwa watu.

*

Nilirudishwa kwa boti, kipupwe kimeshaingia. Nilikuwa nimekwenda mtu mzima wa kilo themanini, nikarudi paja langu linaenea ndani ya mikono miwili ya mke wangu Zuwena, vidole vikigusana pande zote. Ndevu zilikuwa zimeota nyeupe. Mguu ulikuwa na rangi ya bilingani na harufu ambayo hata mwenyewe ukiizoea, unaiona kwenye nyuso za wanaoingia. Hiyo nakwambia mapema: watu watakuja na watavumilia, lakini pua haijui adabu. Usichukie.

Wakaja. Ugua pole, ugua pole. Kila mmoja alitaka kusikia. Nikawasimulia mti na mvua na machela. Wakifika kwa Rahma nawakatiza: "Alikufa pale pale." Nililisema mpaka likawa laini.

Wiki ya pili nikasikia hodi ukumbini, sauti ya mwanamke mtu mzima. Zuwena akaingia uso umembadilika. "Ame, ni mama yake Rahma."

Bi Mgeni alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, na mikono mikubwa ya mtu aliyekanda unga umri wake wote. Alikuwa na bakuli la supu ya kuku limefungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba, mwanangu. Usijinyanyue." Akakaa mkekani, akautazama mguu wangu kwa muda mrefu, kisha mkono wangu. "Ndio mkono huu uliokuwa karibu yake?"

"Naam."

Akaushika. "Alhamdulillahi. Watoto wa wenzangu wanakufa wakihangaika wiki nzima. Wangu Mungu alimhurumia, hata kuumwa hakuumwa. Nalilalia neno lako hilo, Ame. Bila hilo ningekuwa nsharukwa na akili."

Supu ile niliinywa yote mbele yake. Kila Ijumaa baada ya hapo alikuja, na bakuli. Mie ambaye nilikuwa nikioshwa kidonda bila ya kupiga kelele, Ijumaa asubuhi siwezi kutia kitu mdomoni. Nikisikia kandambili zake uani, navuta shuka hadi kidevuni.

Hofu nyengine zilikuja moja moja, kama wageni wanaopishana mlangoni. Jokofu letu la nyumbani lilikuwa likianza kunguruma, nami naruka kitandani na mguu ule ule mbovu. Kompresa ikishika kasi inalia kama injini inayopanda. Mwanzo nilivumilia. Siku moja nikamwambia Zuwena alizime. Akadhani ni la siku moja.

"Na samaki nimweke wapi?" akaniuliza.

"Popote. Lizime."

Fundi majokofu akakaa nyumba isiyo na jokofu. Zuwena akawa anapeleka chakula kwa jirani, anakwenda na kurudi na visufuria, na jirani wakiuliza anasema limeharibika, mume wangu akipona atalitengeneza. Mlango wa chumba sikutaka ufungwe. Mvua ikipiga bati, natoka barazani na magongo yangu nikae uwanjani ninyeshewe, maana ndani nilikuwa nikihisi nimebanwa. Wanangu wawili wakawa wananikwepa. Mdogo alimuuliza mama yake, nami nasikia, "Baba ana jini?"

Mama yangu, aliyekuja kutoka Tumbatu kunitazama, alikuwa na fikra hiyo hiyo. Akamleta mwalimu, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaikosha kwa maji ya waridi, nikanywa kombe siku saba. Sikulidharau. Lile kombe lilinipa usingizi wa siku mbili tatu, na mkono wa mama kichwani mwangu ulikuwa dawa. Lakini mama alidhani kuna kitu kimeniingia. Mie nilijua ni kitu nilichokiacha.

Na Zuwena alichoka. Nataka niliseme hili kwa ajili ya wale wanaouguza. Siku moja alikuwa ananifungua bendeji, nikamfokea kwa kuwa maji yalikuwa ya baridi. Akakiweka chini kibakuli, akanawa mikono, akakaa.

"Ame, mguu wako naupenda," akasema. "Nauosha, naunusa, nalala nao. Lakini weye mwenyewe uko wapi? Mie nnauguza mguu tu. Mwenye mguu hajarudi."

Akainuka, akaenda kuchemsha maji.

*

Vuli ilipoingia, mguu ulifunguka upya. Tundu dogo likatoa usaha, likakauka, likatoa tena. Hospitali ya mjini tulikuwa tunafika asubuhi na kungoja hadi adhuhuri. Ukumbi wa kungojea una watu wake: mzee wa kisukari aliyekatwa vidole akituhesabia vilivyobaki kwa mzaha, mama na mtoto aliyeanguka mnazini, na kila mtu anajua kidonda cha mwenzake kuliko jina lake. Kulikuwa na muuguzi mmoja mnene, mkali wa maneno, ambaye kabla ya kubandua bendeji iliyoganda aliiloweka kwa maji ya vuguvugu aliyokwenda kuyatia moto mwenyewe. Hakuna aliyemwamrisha. Ukimpata mtu kama huyo katika ugonjwa wako, mkumbuke kwenye dua.

Daktari wa mifupa aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Akasema kipande cha mfupa kimekufa ndani na kinaoza. Lazima kikatwe, Dar es Salaam, halafu nifungwe pete za chuma ili mfupa uvutwe kidogo kidogo ukue. "Na kama ukichelewa," akasema, "tutazungumza juu ya kuukata mguu. Na kama ukichelewa zaidi, hatutazungumza juu ya mguu."

Nikauliza nitatiwa usingizi vipi. Akanieleza: dawa ya usingizi, barakoa usoni. Nikajiona nimelala, nimefungwa mkanda, siwezi kunyanyuka. Jasho likaniporomoka hadi likalowesha shati. "Siendi," nikasema.

Zuwena alidhani nina utani. Wiki tatu alinibembeleza, mama akalia, ndugu wakaja kukaa kikao. Mie ni siendi tu. Usaha ulikuwa unaongezeka, homa inapanda jioni, nami siendi. Sikuweza kuwaambia kuwa nilikuwa nimeshakubali kufa. Nilikuwa nikijiambia, kama aliyebanwa hakutoka, mie nitoke kwa haki gani?

Mwisho Zuwena akanichukua kwa teksi bila ya kunambia tunakokwenda. Nilipoona ni kwa daktari wa maradhi ya akili, nikamgeukia. "Unataka watu waseme mumeo mwendawazimu?"

"Waseme," akanijibu. "Bora mume mwendawazimu kuliko jeneza la mwenye akili."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu. Hakuniuliza habari za ndege. Aliniuliza, "Ukiwa peke yako, unasikia nini?"

Karibu mwaka mzima hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamwambia: "Nasikia mtu ananiita." Akangoja. Nikamwambia yote, toka ule mti mpaka lile jiwe. Nilipofika pale pa kusema nnakuja, nnakuja, sauti ikanikatika, nikalia kama mtoto, kamasi na machozi. Hakuniambia si kosa langu. Na angeniambia hivyo, mie nisingeamini. Alisema huu ni ugonjwa, una jina, una dawa, nami si wa kwanza wala sina jini. Akanipa vidonge vya usingizi wa kawaida na akaniambia nirudi kila Jumatatu. Kisha akauliza, "Nani mwengine anajua?"

"Hakuna."

"Anza na aliyekuleta."

Zuwena alinisikiliza tukiwa kwenye benchi nje, chini ya feni iliyosimama. Alichezea ncha ya mtandio wake. Niliogopa uso wake kuliko nilivyouogopa ule mlima. Akasema, "Ndio maana Ijumaa huli."

"Ndio maana."

"Basi lazima ajue, Ame. Anakulisha."

*

Ijumaa ile Bi Mgeni alikuja baada ya alasiri. Zuwena akakaa nami ukumbini. Nilikuwa nimeyapanga maneno, yote yakanipotea.

"Bi Mgeni, nilikudanganya."

"Umenidanganya nini, mwanangu?"

"Rahma hakufa pale pale."

Alikuwa analifungua bakuli. Mikono yake ikasimama juu ya kitambaa. Nikamsimulia. Sikujitetea, na sikusema habari ya mguu. Nilipomaliza, jirani walikuwa wanatwanga kitu, tukasikia mchi tu.

"Alikuita mara ngapi?" akauliza.

"Sikuhesabu."

"Muda gani?"

"Muda mrefu. Mvua ilikata ikarudi."

"Na weye ukimjibu?"

"Nikimjibu nnakuja."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekataa kitu anachouziwa. "Aliniita na mie?"

"Mwisho alikuwa anakwita wewe."

Akalifunga bakuli lake, bado limejaa. Akasimama, akashika ukuta, Zuwena akataka kumsaidia, akamtoa mkono. Mlangoni akageuka. "Umeniacha nikashukuru," akasema. "Mwaka huu wote nilikuwa nashukuru kitu ambacho hakikuwapo." Akaondoka bila ya kuaga.

Labda unangoja nikwambie kuwa baada ya pale nilihisi mwepesi. Sikuhisi. Lakini asubuhi yake nilimwambia Zuwena afunge mkoba, nakwenda kukatwa mfupa. Sikuweza kuendelea kujificha nyuma ya mguu.

Tulivuka kwa boti siku ya upepo wa kaskazi, bahari imechafuka, nami nimefumba macho kichwa magotini mwa Zuwena, nikihesabu pumzi kama alivyonifundisha yule daktari. Chumba cha upasuaji niliwaomba jambo moja: wasinifunge mkanda mpaka nilale. Muuguzi wa kule, kijana wa Kisukuma, akaniambia, "Mzee, nitakushika mkono badala ya mkanda." Akanishika. Hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokikumbuka.

Niliamka na pete tatu za chuma zimezunguka mguu, nyaya zimepita katikati ya nyama na mfupa kama spoki za baiskeli. Zilikuwa na nati ndogo za kuzungushwa mara nne kwa siku, robo robo, ili mfupa ufuate. Wakanipa spana. Hapo nilicheka kwa mara ya kwanza toka masika ile. Umri wangu wote nimekaza nati za majokofu ya watu, sasa najikaza mwenyewe. Nyumbani kazi hiyo akaishika Zuwena. Kila baada ya sala, isipokuwa ya alfajiri, alikuwa anakuja na spana, anabana ulimi kwenye meno, anazungusha. "Robo," anasema. "Robo," namjibu. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mapenzi miezi mingi. Sehemu nyaya zinapoingilia ngozi huuma, hutoa maji, huwasha usiweze kukuna. Utaogopa kila ukiona wekundu. Osha, ngoja, onesha daktari. Mara nyingi ni wekundu tu.

Ijumaa zikawa kimya. Mfungo wa Ramadhani ukapita, sikufunga kwa sababu ya dawa. Sikukuu nikamtumia Bi Mgeni salamu kwa mtu, hazikujibiwa. Masika ikarudi, na mara tatu nilitoka uwanjani kunyeshewa. Ya nne nilibaki ndani, mlango wazi, Zuwena ameniekea mkono mgongoni mpaka ikakata. Jokofu tuliliwasha tena mwezi wa nane, mchana, kwa robo saa. Kesho yake nusu saa. Vuli ilipofika pete zikafunguliwa. Mguu ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili, mwembamba, una makovu kama ulioumwa na samaki. Ulikuwa wangu.

*

Kipupwe cha mwaka wa tatu nilikuwa barazani natengeneza feni ya jirani. Nikasikia kandambili. Sikuinua uso, mwili ulizijua.

"Hodi."

"Karibu, Bi Mgeni. Shikamoo."

Hakuitika marahaba. Alikuwa amezeeka. Hakuwa na bakuli. Alibaki amesimama.

"Nataka unipeleke," akasema.

"Wapi?"

"Unapajua."

Tulikwenda watatu, na Zuwena. Ndege sikupanda, na sidhani kama nitapanda. Kupona hakuna maana ya kurudi kuwa yule yule. Boti, halafu basi mchana kutwa, na kesho yake tena. Njia nzima Bi Mgeni alisema na Zuwena tu. Barabara ilipoanza kupanda na ukungu ukagusa vioo, nikamwambia Zuwena kwa sauti kuwa naogopa, mbele ya watu. Bi Mgeni alinitazama, akageukia dirishani.

Ambokile alitupokea kijijini. Alinikumbatia, akaupapasa mguu wangu kama wa ng'ombe aliyemtibu yeye. Asubuhi akatuongoza. Ardhi ilikuwa kavu, baridi inauma, jua limetoka. Tulipumzika mara nyingi kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeogopa nitakikuta kile kiti. Hapakuwa na kitu zaidi ya vipande vya bati jeupe kwenye majani na miti midogo iliyochipua pale palipovunjwa.

"Alikuwa hapa," nikasema. "Na mie kule chini, kwenye lile jiwe."

Bi Mgeni akasimama pale palipokuwa pa mwanawe muda mrefu, midomo inatikisika. Kisha akaanza kuteremka. Ambokile akamshika mkono mpaka kwenye jiwe. Akakaa juu yake. Kutoka chini akapaza sauti:

"Ame! Niite!"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Niseme nini?"

"Niite tu!"

"Bi Mgeni!" nikaita. Sauti yangu ilipiga kwenye miti ikarudi.

Akaanza kupanda. Ambokile akataka kumsaidia, akamkataza. Mteremko ule ni mkali kuliko nilivyoukumbuka. Alipanda hatua nne, udongo ukamomonyoka, akarudi. Akashika mizizi, ikang'oka. Akapanda kwa magoti. Nami niko juu, naita, kila alipoanguka naita, na machozi yananitoka. Alipofika katikati akalala kifudifudi anahema, akaserereka tena mpaka kwenye jiwe. Safari ya tatu Zuwena hakuvumilia, akamteremkia, akamvuta.

Akafika mbele yangu magoti yamechubuka, buibui limejaa vumbi. Alikuwa anatweta hawezi kusema. Akautazama mguu wangu.

"Na siku ile kulikuwa na tope," akasema.

"Naam."

"Na mguu ulikuwa umevunjika."

"Naam."

"Ungejaribu, Ame." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mtoto wa watu anakuita. Ungejaribu tu."

"Ningejaribu," nikasema. "Kweli ningejaribu."

Akapangusa mikono yake kwenye nguo, polepole, kidole kimoja kimoja. "Lakini usingefika," akasema. "Hilo nimeliona."

Akasoma Fatiha, nasi tukainua mikono. Mie kupiga magoti siwezi, nikasimama na fimbo. Alipomaliza akakaa chini kwenye majani, akanionesha nikae. Jua lilikuwa limeanza kupasha. Akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza, maana nilikuwa nimempa maneno matatu tu na yakafunga kila mlango.

"Kabla hamjapanda. Mlikaa kitambo?"

"Saa nzima na zaidi. Ndege ilichelewa."

"Alikuwa vipi?"

Nikafikiri. Nikagundua kuwa nilikuwa nayo yote, haijaguswa. "Alikuwa na njaa," nikasema. "Nilikuwa na vitumbua vya nyumbani, nikamkaribisha. Akala viwili. Halafu akaniambia, 'Kaka, nisamehe, lakini aliyepika hivi ni bahili wa iliki.'"

"Ndio mie huyo!" Zuwena akapiga ukelele. "Iliki yangu ina nini?"

Bi Mgeni akaficha mdomo kwa mtandio, mabega yakaanza kumtikisika, nami nikaogopa, kisha nikaona anacheka. "Ndiye yeye," akasema. "Chakula cha watu atakila, na kasoro ataitoa." Akajipangusa macho. "Endelea."